Plaid, tartan, check: uliza kwanza, ndipo uagize drafti na kuikata

Mteja anakuletea picha ya shati kwenye simu. Chini ya picha pameandikwa "plaid", naye anataka kama hilohilo. Ukilipeleka neno hilo dukani lilivyo, unaweza kurudi na kitambaa kizito cha sufu, blanketi, flana ya mistari minene au pamba ya miraba midogo, na kila muuzaji atakuwa amekusikia sawasawa. Kinachobadilika ni nchi ya aliyeliandika.

Uskoti, ambako neno limetoka, plaid ni nguo, si nakshi. Limezaliwa na neno la Kigaeli plaide, yaani blanketi. Zamani vitambaa vilifumwa kwa upana mdogo, vipande viwili vikashonwa ubavu kwa ubavu, vikafungwa kiunoni kwa mkanda, na sehemu ya juu ikatupwa begani. Usiku mtu alijifunika hiyohiyo. Sheria ya Uingereza ya 1746 iliyopiga marufuku mavazi ya watu wa milimani Uskoti iliitaja plaid pamoja na kilt (sketi ya wanaume wa Kiskoti) kama vazi; marufuku hiyo iliondolewa 1782. Hata leo mpiga zumari wa Kiskoti akisema plaid, anakusudia kitambaa kinachobanwa kwa bruchi kwenye bega la kushoto. Nakshi yenyewe wanaiita tartan, na tangu 2009 wana daftari rasmi la kuziandikisha.

Ukivuka kwenda Marekani, plaid inakuwa nakshi: mistari ya upana na rangi tofauti inayokatana, iwe kwenye sufu, pamba au karatasi ya kufungia zawadi. Tartan ya Mskoti nayo huitwa plaid huko. Jihadhari pia na "flannel". Wamarekani wengi hulitumia kwa shati lolote la drafti, ilhali flana ni namna ya kitambaa kilichochanwa manyoya, na inaweza kuwa ya rangi moja tu. Uingereza neno pana ni check, na tartan huachwa kwa zile za Kiskoti. "Chequered" ni jambo jingine: ni miraba ya rangi mbili, iliyojaa rangi na kupokezana, kama bendera ya kumalizia mbio za magari.

Kwa wenzetu wa Goma, Bukavu au Bujumbura wanaonunua kupitia Kifaransa kuna mtego wa ziada. Kwa Kifaransa "plaid" ni blanketi jepesi la kwenye kochi, na linaweza lisiwe na mraba hata mmoja. Ukitaka drafti kwa Kifaransa sema "à carreaux". Ukitaka tartan, sema "écossais".

Sisi tunasema drafti, au mirabamiraba. Drafti tumeitoa kwenye jina la Kiingereza la ule mchezo wa kete za vizibo vya soda, na nguo ikarithi jina la ubao. Waingereza walifanya vilevile na ubao mwingine: check imetokana na sataranji, na mzizi wake ni shah ya Kiajemi, mfalme. Kwenye karne ya 12 hazina ya mfalme wa Uingereza ilihesabia fedha juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha miraba, ndiyo maana magazeti ya Kenya mpaka leo yanaandika "exchequer" yanapozungumzia fedha za serikali. Drafti ni neno letu halali kabisa, lisionewe haya mbele ya plaid. Upungufu wake ni mmoja: halisemi ukubwa wa mraba wala jinsi kitambaa kilivyofumwa.

Majina mengine ya Kiingereza yanasaidia kwa sababu ni mahsusi. Gingham ni rangi moja na nyeupe, miraba inayolingana, kama magauni mengi ya shule. Windowpane ni mistari myembamba inayoacha madirisha makubwa matupu. Tattersall ni hiyohiyo kwa udogo, mistari ikiwa ya rangi mbili. Glen plaid ni ya suti, miraba midogo na mikubwa ikipokezana, na hapo neno plaid limejishikiza tu. Mwingereza husema glen check. Madras ni pamba nyepesi ya rangi nyingi, yenye jina la zamani la mji wa Chennai, India. Hiyo ijaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowana kabla ya kuifua na nguo nyingine, maana madras za asili huchuja rangi.

Ukishapata kitambaa mkononi, kigeuze nyuma. Kikiwa kimefumwa, drafti inaonekana pande zote mbili kwa nguvu ileile au karibu sawa. Kikiwa kimechapwa, nyuma kumefifia. Chomoa uzi mmoja wa gingham ya buluu uutazame kwa karibu: ni wa buluu mtupu au mweupe mtupu. Ile buluu hafifu uliyoiona kwenye mraba wa kati haikutiwa rangi na mtu. Ni uzi wa buluu wa mtande (nyuzi za urefu) uliokutana na mweupe wa mshindio (nyuzi za upana), au kinyume chake. Kwa njia hiyo rangi mbili huzaa tatu, na tartan yenye nyuzi za rangi sita inaweza kutoa rangi 21. Jambo hili lina faida kubwa kwa mkataji, kwa sababu kwenye drafti iliyofumwa mistari hufuata nyuzi. Kitambaa kikiwa kimepinda, kiloweshe, kivute kwa mshazari kwenye pembe zilizo fupi, kipige pasi, na drafti itanyooka pamoja nacho. Kilichochapwa kikipinda hakina dawa. Ukifuata nyuzi, drafti inakwenda upande. Ukifuata drafti, gauni litajikunja likishafuliwa. Mistari ikiachana na uzi kwa zaidi ya sentimita 1 kwenye upana mzima, rudisha jora.

Sasa pima marudio, yaani umbali kutoka mstari mmoja hadi mstari uleule unapotokea tena. Pima kwa urefu na kwa upana, maana mara nyingi havilingani. Halafu kunja kitambaa katikati ya mstari mkuu, kwa urefu. Kama mistari ya juu imelalia ya chini, kulia na kushoto ni sawa. Kunja tena kwa upana. Isipolaliana, drafti hiyo ina juu na chini, na kila kipande lazima kikatwe kikielekea upande mmoja. Flana ina sharti hilohilo hata drafti ikiwa sawa, kwa sababu manyoya yake yamelala upande mmoja na mwanga hauyapigi sawasawa.

Kiasi cha kununua kinatokana na marudio. Chukua urefu wa kila kipande kikubwa, upandishe hadi kizidishio kinachofuata cha marudio. Kipande cha sentimita 110 kwenye marudio ya 15 kinahesabiwa 120. Mbele na nyuma ni 240 badala ya 220. Mikono nayo vivyo hivyo. Kwa miraba isiyozidi sentimita 1 usijisumbue sana. Kwa marudio ya sentimita 20 na kuendelea, mwambie mteja bei ya kitambaa cha ziada kabla ya kuanza.

Kosa linaloharibu nguo nyingi ni kulinganisha mistari kwenye ukingo wa kukatia. Inayopaswa kukutana ni mistari iliyo kwenye njia ya mshono. Ukiacha sentimita 1.5 za mshono kila upande, mistari iliyokutana ukingoni itakuwa imeachana kwa upande wa nje wa nguo ikiwa mshono una mteremko. Chora njia ya mshono kwenye karatasi, weka alama panapopita mstari mkuu, kisha kata tabaka moja moja. Kipande cha kwanza kikishakatwa, kigeuze, kilaze juu ya kitambaa mpaka mistari yake ipotee ndani ya ya chini, ndipo ukate cha pili.

Mpangilio wa shati: anzia katikati ya mbele kwenye njia ya vifungo, halafu ubavuni kutoka kwenye pindo kwenda juu, halafu mikono. Kwenye gauni lenye mkunjo wa kifuani, mistari italingana chini ya mkunjo tu. Juu yake haiwezekani, kwa kuwa mkunjo umekula sehemu ya urefu wa mbele. Mkono nao utalingana na kifua kuanzia kwapani mpaka alama ya mbele. Kilele cha mkono kina nafasi ya ziada ya kujaza bega, na hapo mistari lazima iachane. Mfuko, bega la nyuma na ukanda wa vifungo unaweza kuvikata mshazari ukaepuka kulinganisha. Usikwepe kila mahali lakini, nguo itaonekana imeokotwa.

Wakati wa kushona, meno ya cherehani huvuta tabaka la chini huku mguu ukilisukuma la juu. Ndiyo maana mshono mrefu unaanza vizuri na kufika mwisho mistari imepishana. Bana pini kwenye kila mstari mzito, uipenyeze tabaka zote mbili kwenye rangi ileile, uichomoe sindano inapoikaribia. Kitambaa kinachoteleza kipigwe bandi kwanza. Punguza pia mkandamizo wa mguu.

Sketi ya marinda ndiyo inayotaka hesabu zaidi. Tuseme marudio ni sentimita 16, kiuno 60, na rinda linaonekana sentimita 4, yaani marinda 15. Ukitaka kila rinda lioneshe mstari uleule, ficha sentimita 12 ndani: 4 na 12 ni 16, na utahitaji mita 2.4. Ukitaka drafti iendelee kiunoni kana kwamba hakuna marinda, ficha marudio mazima, sentimita 16: kila rinda linakula 20, jumla mita 3. Mafundi wa kilt huko Uskoti hutumia njia zote mbili. Ya pili ni ghali, lakini ndiyo nzuri zaidi kwa macho. Usichanganye hesabu: ukificha 14, mistari itahama kidogo kila rinda, na sketi nzima itaonekana inazunguka.

Kwa pamba, yote haya yafanyike baada ya kukifua kitambaa na kukikausha. Mara nyingi hurudi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, kwa hiyo marudio ya 16 uliyopima dukani yanaweza kuwa 15.5 mezani, na kwenye marinda 15 tofauti hiyo ni sentimita 7.5.