Jibu: namna ya kuacha kujitukana moyoni

Dada, umeuliza mutu anafanya namna gani asijitukane kisha kapitali ya biashara kuanguka. Mi pia nilipitia, niliuzishaka bitenge kwa deni huku Birere, mutaa wa biashara wa hapa Goma, makuta yote ikapotea, usiku silale, niko najiita mujinga tu. Kenye kilinisaidia ni ya ule mwanasaikolojia wa Marekani, Kristin Neff, tangu 2003 anasemaka vitu tatu: kujisemesha vizuri, kukumbuka si weye peke unaangukaka, na kuona maumivu bila kuyakuza. Ile ya pili njo ya nguvu hapa Goma, kisha volkano ya 2021 ni wangapi walianza na zero? Sasa jiulize, rafiki yako angepoteza ile makuta ungemuambia nini, njo ujiambie ile ile, hata kwa sauti, mi ninafanyaka nikiosha vyombo, watoto wananicheka kabisa.