Ripoti ya maji ya mji wako Marekani: anzia kwenye madini ya risasi

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo tumehamia Marekani na desturi yetu ya kuchemsha maji. Ni desturi nzuri, maana moto unaua vijidudu. Lakini hauondoi madini ya risasi, na kwa naitreti, kemikali itokanayo hasa na mbolea, ndiyo kabisa: maji yanapungua sufuriani, naitreti inabaki ileile, kwa hiyo inakolea. Kwa hiyo kabla hujaamua uyafanye nini maji ya bomba, jua kwanza yana nini.

Sheria ya Maji Salama ya Kunywa ya 1974, ilivyorekebishwa 1996, inazitaka mamlaka za maji zitoe ripoti ya ubora kila mwaka ifikapo tarehe 1 Julai, yenye vipimo vya mwaka uliotangulia. Kwa kawaida inapelekwa kwa anayelipa bili. Sisi wapangaji ambao maji yamo ndani ya kodi mara nyingi hatuioni. Itafute mtandaoni kwa jina la Consumer Confidence Report pamoja na jina la mji, au wapigie simu.

Jirani yangu, mama wa Bukavu mwenye mtoto mchanga wa maziwa ya kopo, aliniletea simu yake tuisome pamoja. Mstari wa risasi ulisema: lengo 0, kiwango cha kuchukua hatua 15, kilichopatikana 4, zote kwa mikrogramu kwa lita; nyumba zilizozidi kiwango hicho: 2. Akashusha pumzi kwa ile 4. Nikamwomba asubiri, kwa sababu ile 4 si wastani. Wakipima nyumba 100, wanazipanga kuanzia yenye risasi kidogo hadi yenye nyingi, kisha wanaandika kipimo cha nyumba ya 90. Zile 10 za juu zinaweza kuwa na kiasi chochote, na mji bado ukawa haujavuka kiwango. Zile nyumba 2 zipo, zina watu, na ripoti haisemi ziko mtaa gani.

Risasi kwa kawaida haitoki mtoni wala kwenye mitambo ya kusafishia maji. Inatoka kwenye mabomba na viungio, hasa vya kabla ya katazo la 1986. Flint, Michigan, walibadilisha chanzo cha maji Aprili 2014 bila kuweka dawa ya kuzuia kutu. Maji yakala mabomba, risasi ikaingia majikoni. Ndiyo maana nauliza umri wa jengo kabla ya kitu kingine.

Ukifika kwenye sehemu ya ukiukaji, tenganisha aina mbili. Kuna ukiukaji wa kiafya: kikomo kimepitwa, au maji hayakutibiwa inavyotakiwa. Na kuna wa kutopima au kutopeleka taarifa, ambao watu wengi huupuuza. Mimi siupuuzi. Mwezi ambao hawakupima ni mwezi ambao hakuna anayejua mlikunywa nini. Mara moja naweza kuelewa. Ukijirudia mwaka hadi mwaka, nauliza. Historia hiyo utaipata kwenye tovuti ya serikali kuu iitwayo ECHO, kwa namba ya mfumo wenu wa maji: herufi mbili za jimbo na tarakimu saba. Hatari ya haraka, kama E. koli (bakteria wa kinyesi) au naitreti iliyozidi miligramu 10 kwa lita, lazima mtangaziwe ndani ya saa 24. Naitreti ni hatari hasa kwa watoto wa chini ya miezi sita.

Yule mama alipiga simu akauliza bomba linaloingia kwenye jengo letu limetengenezwa kwa kitu gani. Mamlaka zilitakiwa ziwe na orodha ya mabomba hayo kufikia tarehe 16 Oktoba 2024. Akajibiwa: halijulikani. Akaomba wampimie. Huku akisubiri, maziwa anayakoroga kwa maji yaliyochotwa bomba la baridi, kwa sababu la moto huyeyusha risasi zaidi, na maji hayo kwanza anayapitisha kwenye chujio lenye alama ya NSF/ANSI 53, kiwango cha ubora cha vichujio vya maji. Soma lebo vizuri: iitaje risasi yenyewe, maana majagi mengi ya bei rahisi yanapunguza ladha ya klorini tu.