Wasomaji Wanauliza: Mti Ukishakamata Vumbi la Risasi, Linaenda Wapi?

SWALI: Assalaam aleikum wahariri. Naishi Walukuba, Jinja. Ng'ambo ya barabara kuna karakana inayoyeyusha betri kuukuu za magari. Nimeambiwa nikipanda miti itanyonya risasi yote (ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri) ardhini, nami niendelee kulima dodo (mchicha) na sukuma. Ni kweli? Na maembe ya mti wangu yanaliwa? – Mama wa watoto wanne

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Miti panda, lakini dodo na sukuma simamisha kwanza. Mti huchuja hewa. Udongo wenye risasi hauwezi kuusafisha, na aliyekuambia hivyo hajapiga hesabu.

Tuipige pamoja, kwa mita moja ya mraba. Udongo wa juu, kina cha sentimita 20, una uzito wa kilo 260 hivi. Ukiwa na miligramu 400 za risasi kwa kila kilo, hapo pana gramu 104. Risasi hushikamana na udongo, na kidogo inayoingia mtini hubaki zaidi mizizini. Tuseme majani yamepata miligramu 10 kwa kilo, nawe unaondoa kilo moja ya majani makavu kila mwaka. Kumaliza gramu 104 utahitaji zaidi ya miaka 10,000.

Kazi ambayo mti unaiweza ni kukamata vumbi. Chukua jani la mwembe mwezi wa Januari, lipanguse kwa kitambaa cheupe kilicholowa: uchafu mzito utauona kando ya mshipa wa kati. Majani yenye vinyweleo au yanayokwaruza hushika zaidi ya yale laini, na vijani vyembamba vya mvinje hunasa vumbi jembamba sana. Chagua miti isiyopukutisha majani kiangazi, maana ndipo vumbi linapozidi.

Upande wa barabara panda ua mnene wa saipresi, sentimita 50 kati ya mche na mche. Nyuma yake weka mivinje au miembe. Kosa tunaloliona sana ni kupanda miti mirefu peke yake: chini ni vigogo vitupu, vumbi linapita kama mlango uko wazi. Wengine huacha matawi ya pande mbili yakutane juu ya njia nyembamba, moshi ukakosa pa kutokea.

Sasa, jani lililobeba risasi litaanguka. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, usilichome, usiwape mbuzi, wala usilitie kwenye mboji ya mboga. Lirudishe chini ya ua, mahali watoto hawachezi. Kuni za miti hiyo pia zisiingie jikoni. Risasi na kadimiamu (metali nyingine yenye sumu) hutoka na moshi, na zinazobaki hulimbikizana kwenye majivu.

Udongo upimwe. Chota sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki (karai la bati linaweza kuharibu kipimo), anika kivulini, peleka nusu kilo. Wanapocheza watoto chota sampuli ya pekee, sentimita 5 za juu tu. Iambie maabara unataka risasi, kadimiamu na pH (kipimo cha asidi ya udongo), kwa sababu kipimo cha kawaida cha mbolea hakionyeshi risasi hata kidogo.

Mboga zihamie kwenye magunia yenye udongo safi, nyuma ya nyumba. Ardhi iliyo wazi ifunike kwa nyasi za pasipalamu: risasi humfikia mtoto zaidi kwa mikono yenye vumbi anayoitia mdomoni. Kwa kuwa karakana iko karibu hivyo, tunakuomba uwapeleke watoto wapimwe damu. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwao. Maembe yanaliwa, ila yaoshe kwa maji mengi kisha menya.

SWALI: Shamba langu liko kando ya mto Nyamwamba, Kasese, mahali mafuriko yalipomwaga mchanga wa mgodi wa shaba wa Kilembe. Miche ya kalitunsi (mikaratusi) inakauka kila mara. Kwa nini? – Mkulima

JIBU: Mchanga ule una madini ya salfa. Yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi huiyeyusha shaba ikaunguza ncha za mizizi. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wake na nusu kilo ya chokaa iliyozimwa na debe moja la samadi iliyooza, uache wiki tatu. Kisha koroga sehemu moja ya udongo na mbili za maji ya mvua, subiri nusu saa, tumbukiza karatasi ya pH. Ikiwa chini ya 6, ongeza chokaa kidogo kidogo na usipande bado. Mchanga huo huendelea kutoa asidi, kwa hiyo rudia kipimo kila mwaka. Viazi na mboga usichanganye humo.