Kufundisha mihimili ya dola: anza na swali la nani anaweza kumzuia nani

Wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 huikariri mihimili mitatu ya dola upesi sana. Bunge hutunga sheria, Serikali huitekeleza, Mahakama huitafsiri. Kipindi kimoja kinatosha na kubaki. Lakini waulize, "Rais akikataa kusaini muswada, kinafuata nini?" na darasa zima litanyamaza. Kwa muda niliofundisha somo hili nimeamini kwamba uzito wake uko pale mihimili inapozuiana, na hapo ndipo mwalimu atumie muda wake mwingi.

Ndiyo maana siutumii mfano wa mafiga matatu, ingawa walimu wengi wanaupenda. Mafiga hubeba chungu kwa pamoja, na hakuna figa linalolizuia jingine. Montesquieu, Mfaransa aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1748, alihofia mtu au chombo kimoja kutunga sheria, kuitekeleza na kuwahukumu walioivunja. Waulize wanafunzi: mtu huyo akikuonea, utampeleka kwa nani? Watajibu wenyewe kwamba hakuna pa kwenda, na hapo somo limeshaanza.

Kisha wape kesi za kweli. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimwamuru Rais Richard Nixon akabidhi kanda za mazungumzo ya ofisini kwake. Majaji 8 waliosikiliza kesi walikubaliana wote, na 3 kati yao aliwateua yeye mwenyewe. Wiki chache baadaye alijiuzulu. Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais, majaji 4 dhidi ya 2, na uchaguzi ukarudiwa Oktoba. Septemba 2019 majaji 11 wa Uingereza walisema kwa kauli moja kwamba serikali ilikuwa imesitisha vikao vya Bunge kinyume cha sheria, na wabunge wakarudi kazini. Baada ya kusimulia, uliza: majaji hawa hawana jeshi wala hazina ya fedha, kwa nini walitiiwa? Usiharakishe kutoa jibu. Waache wabishane mpaka kengele ilie.

Igizo la darasani ni zuri, ila lina sharti moja: katiba itangulie. Andika sentensi 4 au 5 ubaoni, mojawapo iwe "Hakuna atakayeadhibiwa bila kusikilizwa." Kundi kubwa liwe Bunge, wachache wawe Serikali, watatu wawe majaji. Majaji wakae kimya mpaka mtu alete shauri, kwa sababu mahakama haiendi kutafuta kesi. Bunge la watoto hupenda sheria kali, na haichukui muda kabla halijapitisha ya kumtoa nje papo hapo kila anayepiga kelele. Mmoja atatolewa, atalalamika, na majaji wataibatilisha. Wabunge watakasirika: "Lakini sisi ndio wengi!" Simamisha igizo hapo hapo. Kilio hicho kina thamani kuliko ukurasa mzima wa maelezo, maana sasa wanataka kujua kwa dhati kwa nini wingi wa kura usitoshe.

Atakuwepo pia mwanafunzi atakayeuliza: waziri akiwa mbunge, yuko mhimili gani? Usimkatize kwa kusema hilo litakuja mbele. Mjibu kwamba nchi hazifanani. Uingereza mawaziri hutoka bungeni, na Bunge linaweza kuiangusha serikali kwa kura ya kutokuwa na imani nayo. Marekani waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Rais wa huko anaweza kuukataa muswada, lakini theluthi mbili ya kura katika kila bunge, Seneti na Baraza la Wawakilishi, hutosha kuupitisha bila yeye. Mtoto akishaona nchi mbili zikipanga jambo hilohilo kwa njia tofauti, ataacha kudhani mchoro wa kitabuni ndio ukweli wote.

Kuhusu mtihani, acha "Taja mihimili mitatu." Mpe habari fupi ya gazeti, kwa mfano bajeti iliyokwama bungeni, aeleze ni mhimili gani umechukua hatua, upi unaweza kuuzuia, na kwa njia gani. Usahihishaji utakuchukua muda mrefu zaidi, lakini utaona wazi nani ameelewa na nani amekariri.