Mstari wa kimbunga umepita mbali na mwanangu. Je, nilale?

SWALI: Mwanangu ni muuguzi huko Tampa, Florida. Kila kimbunga kikielekea upande wake natumiwa ramani yenye mstari mweusi na ile pembe nyeupe inayopanuka. Mstari ukipita mbali na Tampa, nashukuru Mungu nalala. Asubuhi naambiwa umehama. Kwenye kundi letu la WhatsApp la kanisa kuna ndugu anayetutajia mji kitakapotua siku kumi kabla. Sasa anasema vimbunga hivi vitafika mpaka Kisumu. Nishike lipi? Mama wa Nyalenda, Kisumu.

JIBU: Mama, pole kwa usiku huo. Tatizo lako si kuhama kwa mstari. Tatizo ni kwamba umefundishwa kuuangalia.

Mstari ule unakadiria njia ya kitovu cha kimbunga, basi. Na ile pembe nyeupe, ambayo kila mtu huidhania kuwa ndiyo ukubwa wa kimbunga, ni watabiri wanakuonyesha wanavyoweza kukosea. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kule Miami, huichora kwa kupima makosa yake ya miaka 5 iliyopita, na kitovu hubaki ndani yake takriban mara 2 kati ya 3. Ya tatu kinatoka nje. Upepo utafika wapi, bahari itapanda wapi, mvua itamwagika wapi: hayo yote pembe haiyasemi. Nimelieleza jambo hili hadi koo limekauka, na bado naletewa picha ile ile nikiulizwa, “Si tuko nje?”

Mji wa mwanao wenyewe unatosha kuwa somo. Septemba 26, 2024, kimbunga Helene kilitua mbali kaskazini mwa Tampa, na kitovu chake kilikuwa kimepita mbali baharini. Aliyetazama mstari alijiona amenusurika. Usiku huo bahari ikapanda ikaingia majumbani kandokando ya Ghuba ya Tampa, na watu wakafa maji. Wiki mbili baadaye, Oktoba 9, Milton kikatua Siesta Key, kusini kidogo mwa Tampa, karibu kuliko Helene. Mara hii maji ya ghuba yalirudi nyuma, sakafu ya bahari ikabaki wazi. Kwa nini? Upande ule wa dunia upepo wa kimbunga huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Kitovu kikipita kusini mwako, upepo unatoka nchi kavu unayasukuma maji baharini. Kikipita magharibi mwako, unakuletea bahari mlangoni. Kwa hiyo swali la maana ni kitapita upande gani wa mwanao, na tofauti ya kilomita chache inaweza kugeuza jibu lote.

Wala usidhani Milton ilikuwa ya heri. St. Petersburg, ng'ambo ya ghuba, ilipata zaidi ya milimita 400 za mvua, na upande wa pili kabisa wa Florida, katika kaunti ya St. Lucie, tonado, yaani dhoruba ndogo kali za nchi kavu, ziliua watu saa kadhaa kabla kitovu hakijagusa ardhi.

Pwani ile ina shida nyingine. Vimbunga vingi huijia kwa mshazari, karibu sambamba na ufuo, hivyo kikiyumba kidogo tu mahali pa kutua panahama mbali. Ian ya 2022 ilitarajiwa kuelekea Tampa. Septemba 28 ikatua Cayo Costa, karibu na Fort Myers, ambako agizo la kuhama lilikuwa limetolewa siku moja tu kabla. Charley ya 2004 ilifanya vivyo hivyo.

Namba ile ya 1 hadi 5 wanayokipa kimbunga nayo inapima kasi ya upepo peke yake. Helene ilipofika milima ya North Carolina ilikuwa imeshapungua nguvu, na mafuriko yake yakaua watu wengi huko, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Sasa la kufanya. Muulize mwanao herufi ya eneo lake la kuhama. Tampa imegawanywa kuanzia A hadi E kulingana na hatari ya maji ya bahari, na A ndiyo hutolewa kwanza. Kaunti ikiita herufi yake, aondoke, mstari uwe umepita popote. Taarifa mpya za Miami hutoka, kwa saa zetu, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Katikati ya hapo huna haja ya kupekua simu.

Huyo ndugu wa siku kumi ananichosha. Miami wenyewe, wanaoletewa vipimo na ndege zinazoingia ndani ya kimbunga, huchora njia ya siku 5 tu. Yeye huchukua modeli moja, yaani utabiri wa kompyuta, kati ya nyingi, ile yenye picha ya kutisha, anaisambaza, na ikikosea anafuta ujumbe. Muulize atakuonyesha wapi zile alizokosea.

Kuhusu Kisumu: havifiki. Kimbunga cha aina hiyo kinahitaji mzunguko wa dunia ukisokote, na nguvu hiyo karibu na Ikweta ni hafifu mno. Ni nadra vizaliwe chini ya digrii 5, na sisi tuko chini ya digrii 1. Vya Bahari ya Hindi hutugusa kwa mbali, kwa kuvuruga mvua. Machi 2019, wakati kimbunga Idai kikiipiga Beira, Msumbiji, mvua zetu za masika zilichelewa.

Uvumi huu una madhara, ndiyo maana nimekasirika. Mpaka leo naambiwa msiba wa mafuriko wa Mai Mahiu, kule Nakuru, uliletwa na kimbunga Hidaya. Hidaya ilitua kisiwa cha Mafia, Tanzania, Mei 4, 2024. Mai Mahiu ilikuwa alfajiri ya Aprili 29: mvua za masika, na maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya kalvati, njia ya maji chini ya reli, kuziba. Ukimsingizia kimbunga, kalvati haizibuliwi. Siku zile zile watu wa Ahero, hapo karibu na Kisumu, walikuwa wakifungua programu za rangi rangi kwenye simu kutazama bahari, ilhali mto Nyando hauna habari na bahari; unajazwa na mvua iliyonyesha kwenye milima ya Nandi na Kericho. Kwa hiyo wewe na majirani zako wa Kano, Idara ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, tafuteni kwanza Nandi na Kericho kwenye orodha ya kaunti, kisha ndipo msome Kisumu.