Usikope kikoba kumpaulia nyumba mtu ambaye hajaleta barua

Dada, simama hapo hapo. Unauliza utamjuaje mwanaume aliye tayari kutulia, halafu mstari wa mwisho wa ujumbe wako unasema Jumamosi unachukua mkopo wa kikoba umalizie kupaua nyumba yake, eti akishahamia ndiyo ataleta posa. Huo mkopo usichukue!

Mimi nilijenga Chanika na mtu wa namna hiyo. Mchanga, tofali, nondo za lenta, hela ilitoka kwenye duka langu la vitenge. Siku ya kuandikishana kiwanja nilikuwepo ofisi ya serikali ya mtaa. Muuzaji akasaini, yeye akasaini, mashahidi wakasaini, mwenyekiti akagonga muhuri. Kalamu ilikuwa yangu. Ilizunguka mezani ikarudi kwenye mkoba wangu, na jina langu halimo kwenye ile karatasi hata kama shahidi. Nikiuliza posa, naambiwa subiri boma. Boma likaisha, subiri bati. Bati zikapigwa, akasema hawezi kuleta mke kwenye nyumba isiyo na madirisha. Madirisha yakawekwa na mke akaletwa, mwingine, kwa barua, mshenga na mahari, ndani ya miezi michache. Kumbe uwezo wa kuoa alikuwa nao siku zote.

Aliyenijaza ujinga ni mama mmoja mshauri wa ndoa, wa zile semina za kiingilio. Mwanaume haoi mpaka ajijenge, mwanamke mwenye akili anamjenga: alisema hivyo kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilipompigia baadaye, akasema nilikosa uvumilivu. Nyie mnaouza maneno haya, mnajua mnachezea akiba za watu? Mdogo wangu ni kondakta wa daladala. Alipeleka barua ya posa akiwa na chumba cha kupanga na godoro chini. Anayetaka kutulia huanza kujifunga mbele za watu. Wazee wake wanakujua, ana mshenga, ana tarehe. Nyumba inafuata.

Na usijifariji na ile ya "miaka miwili tayari mke". Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinawahusu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana kwa watu kuwa mke na mume, na hata hapo dhana kwamba wameoana inaweza kupingwa mahakamani. Wewe umeandika uko Tabata, yeye Kigogo. Mimi pia nilikuwa kwangu, yeye kwake. Nilipokwenda kutafuta msaada wa kisheria, swali la kwanza lilikuwa mliishi wapi, la pili risiti. Risiti za bati zina jina lake.

Barua kwanza, hela baadaye. Muulize leo mshenga wake ni nani na anakuja lini, uso kwa uso, siyo kwa meseji. Akianza habari za bati, umeshajibiwa.