Mwanangu, karama hazikukoma

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma nimeketi chini ya mwembe wa uani, nikaurudia tena usiku. Unasema huko Dodoma umejikuta katikati ya wawili unaofanya nao kazi. Mmoja anasema karama za Roho Mtakatifu, yaani unabii, kunena kwa lugha na uponyaji, zilikwisha mitume walipokufa na Biblia ilipokamilika, kwa hiyo yanayoonekana leo ni maigizo au ni ya shetani. Mwingine anasema usiponena kwa lugha, Roho Mtakatifu hajakushukia. Ukaniuliza: "Mama, karama zipo au hazipo? Na mimi nimepungukiwa nini?" Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi, nikaona nisilijibu kwa simu.

Karama zipo. Nakuambia hivyo kwa kuwa nimesoma, na kwa kuwa nimeona.

Huyo wa kwanza anashika Wakorintho wa Kwanza sura ya 13, pale Paulo anaposema lugha zitakoma ijapo iliyo kamili. Kwake, iliyo kamili ni Biblia. Lakini teremka hadi mstari wa 12: wakati huo tutaona uso kwa uso. Biblia ninayo, naisoma kila asubuhi, na bado naona kwenye kioo, kwa fumbo. Uso kwa uso ni siku tutakapomwona Bwana mwenyewe, na siku hiyo haijafika.

Usimdharau, lakini. Wakubwa walifikiri kama yeye. Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyekuwa askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria, ujanani aliandika kwamba miujiza ya namna ile ya mitume haikuachwa iendelee. Uzeeni akajisahihisha. Katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu anasimulia uponyaji mmoja baada ya mwingine, na anasema pale Hippo, katika muda usiofika miaka miwili, zilikuwa zimeandikwa shuhuda karibu 70. Kilichonivutia ni kwamba alitaka ziandikwe na zisomwe mbele ya watu. Hakuogopa muujiza, na hakuukubali bila kuukagua.

Hata maaskofu wetu walibishana. Kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, mwaka 1963, Kardinali Ruffini alisema karama hizi siku hizi ni nadra mno. Kardinali Suenens akasimama kumjibu kwamba kila Mkristo, aliyesoma na asiyesoma, ana karama yake katika maisha ya kila siku. Hati ya Mtaguso juu ya Kanisa, ya mwaka 1964, ikafuata njia ya Suenens: karama zipokelewe kwa shukrani, zile za ajabu zisikimbiliwe ovyo, na wachungaji wazipime bila kumzimisha Roho.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuambia.

Mwaka 1998 ulikuwa na miaka mitatu. Nilipoteza mimba changa. Baba yako alikuwa safarini Mtwara, na simu haikuwa kitu cha kila mfuko kama sasa. Sikumwambia mtu. Nilikaa nyumbani siku mbili, nikasema nina malaria, kisha nikarudi zamu yangu ya unesi hospitalini. Siku za Alhamisi alikuwa akija wodini bibi mmoja wa kikundi cha Karismatiki Katoliki, mwembamba, kanga moja kichwani na moja begani. Alikuwa akikaa kitandani kwa mgonjwa asiye na ndugu, anamshika mkono, anasali polepole. Wakati mwingine anamwaga bakuli la matapishi akaliosha bila kuagizwa. Alhamisi ile alinikuta penye mlango wa chumba cha dawa. Akanishika kiwiko, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, yule mtoto unayemlilia usiku, Mungu anamjua. Nenda ukapumzike." Akapita zake.

Nimejiuliza miaka yote hii. Labda aliona macho yamevimba. Lakini macho yaliyovimba hayasemi "mtoto". Hakuomba sadaka, hakunialika kikundini, na wala hakulitaja tena. Mimi nilikwenda kanisani Misheni jioni ile, nikalia nikamaliza, na kuanzia hapo nikaweza kulala.

Kwa hiyo mtu akiniambia neno la maarifa, ile karama ya kujulishwa na Roho jambo lililofichika, lilikwisha na mitume, siwezi kumfuata. Nililipokea mwenyewe, nimevaa sare ya kazi.

Lakini mwaka 2009 tulimzika shangazi yako. Ulikuwa kidato cha pili, nasi tulikuficha sababu. Alikuwa na kisukari cha kuchoma sindano. Kwenye mkutano mmoja wa injili aliambiwa na mhubiri, kipaza sauti kikiwa wazi, kwamba kuendelea na insulini ni kukosa imani. Akaiacha. Mwili usio na insulini unashindwa kutumia sukari, unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na damu inajaa asidi. Tulipomfikisha hospitali alikuwa hajitambui, anahema kwa nguvu. Yule mhubiri hakuja mazishini. Moshi nako, Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Hasira niliyo nayo juu ya mambo haya haijapoa, na sitaki ipoe.

Angalia Paulo mwenyewe. Leso zilizogusa mwili wake ziliponya wagonjwa Efeso, lakini Trofimo, mwenzake wa safari, alimwacha Mileto anaumwa, na Timotheo mwenye tumbo baya alimshauri atumie mvinyo kidogo. Uponyaji haukuwa bomba analolifungua atakapo. Na hapa kwetu je? Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakawakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Jina la Roho walilibeba kwenye jina la shirika lao. Nenda makaburini pale Misheni uone ni wangapi walizikwa vijana. Homa haikuwachagua. Sijawahi kusikia mtu akisema walikosa imani.

Neno lenyewe lifikirie. Jirani zetu Waislamu wanalo pia, wanazungumza juu ya karama za mawalii. Limetoka Kiarabu, na ndugu zake ni ukarimu na karamu. Kigiriki cha Paulo ni karisma, kutoka karis, yaani neema. Hayana ukoo na hili letu, yamekutana masikioni tu, ila nashukuru yalikutana. Umewahi kumwona nani anapika sufuria zima la pilau, anafunga mlango, anakula peke yake, kisha anaita karamu? Paulo anasema kila mmoja hupewa kwa ajili ya kufaidiana. Mtu akiniambia ana karama, sitazami kwanza ajabu yake. Natazama nani ameshiba.

Na kwa huyo rafiki wa pili, msomee mwisho wa sura ya 12 ya Wakorintho wa Kwanza. Paulo anauliza: wote hunena kwa lugha? Swali hilo linataka jibu la hapana. Mistari miwili juu yake, kati ya kuponya na kunena kwa lugha, ameweka masaidiano na maongozi. Yapo kwenye orodha ileile.

Umeniuliza umepungukiwa nini. Babu yako alipopooza hakukubali kulishwa na mimi, nesi, wala na baba yako. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulikaa naye miezi minne, uji kijiko kwa kijiko, unamsubiri ameze, unamfuta kidevu, unamsomea gazeti lililopitwa na wiki. Hakuna aliyekutuma. Mimi niliyezoea wagonjwa nilikuwa nikisimama mlangoni nikikutazama, nikashindwa kuingia.

Ukitaka kuomba lugha, omba, mwanangu, wala usione haya. Ukizipewa, niambie. Usipopewa, usiigize ili uonekane.

Rozari yako ya mbao uliisahau juu ya kabati. Nimempa binti wa jirani anayesafiri Alhamisi, pamoja na korosho kilo mbili. Zigawe na hao wenzako wawili.

Mama yako,
Bagamoyo